Madame Honorine na Mashine Zenye Hazikuguswa

Baba Padri, wakubwa wa kartiye yetu ya Mudzipela, waalimu na wanafunzi, ndugu wenye mumefika kutoka Mahagi na Aru, jirani wote wenye mumekaa na siye katika kilio hiki, familia imenituma mimi, Théodore Ucircan, mdogo wa marehemu wa kumufuata, nisome mbele yenu maisha ya dada yetu, na kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda jambo lielezwe nusu, nitasoma yote, hata yale ambayo watu fulani walinijia asubuhi hii na kuniomba niyaruke.

Dada yetu Honorine Uyirwoth alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1968, kule Mahagi-Port, kando ya Ziwa Albert, mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Baudouin Ucircan, ambaye alikuwa mkatekista, na wa mama yetu Suzanne Afoyorwoth, muuzaji wa samaki waliokaushwa, ambaye mnamuona hapa mbele, ameketi karibu na sanduku la mtoto wake, na tangu juzi hajakubali mtu amuondoe pale.

Masomo ya msingi aliyafanya palepale Mahagi-Port, kutoka mwaka 1974 hadi 1980, kisha akapanda juu Mahagi kwa masomo ya sekondari, katika sekshoni ya biashara na utawala, ambako alipata diploma ya Serikali mwaka 1986, na alikuwa akitusimulia kwamba katika shule ile mashine za kuandikia zilikuwa chache na kuukuu, herufi nyingine zimekatika, na wanafunzi walipigania zamu, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka pale bila vidole vyake kuchafuka na wino wa utepe. Baadaye alikuja hapa Bunia kwenye chuo cha ualimu, Institut Supérieur Pédagogique, akamaliza mwaka 1989, na tarehe 2 Oktoba ya mwaka uleule akaanza kazi ya ualimu katika Institut Technique Tuendelee, hapa Mudzipela, kazi ambayo hakuiacha mpaka mwili ulipomshinda.

Somo lake lilikuwa dactylo, yaani kuandika kwa mashine, na wenye alifundisha miaka ile wanakumbuka kitambaa cheusi ambacho alikuwa akifunika juu ya mikono ya mwanafunzi ili asitazame vidole, akizunguka kati ya meza na kusema, "Macho kwa karatasi, mikono inajua njia," na makalaka wengi, makarani wa ofisi za mji huu, pamoja na wengine ambao leo wana magari, walipita chini ya kitambaa kile.

Tarehe 18 Julai 1992 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Vital Udaga, mchuuzi wa maharagwe na viazi kutoka Kpandroma, mtu wa maneno machache, na Mungu aliwapa watoto watatu, Chris, Claire na Davy, wote wakiwa hai na wote wakiwa hapa.

Vita tunavijua wote, sitavieleza. Nitasema tu kwamba mwezi wa tano wa mwaka 2003 dada alikimbia na watoto wawili, mimba ya Davy haijaonekana bado, wakafika Aru, na kwa sababu hakuweza kukaa bure, aliomba kazi kwa wakala mmoja wa mizigo karibu na mpaka, mahali wanapotayarisha karatasi za douane kwa ajili ya malori yanayotoka Uganda, na pale ndipo alikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza, mwanamke wa miaka thelathini na tano, mwalimu wa siku nyingi, akifundishwa na vijana wa forodhani namna ya kushika kipanya. Alipiga simu akiwa anacheka, "Théo, nimerudia darasa la kwanza!" Katika miaka miwili alikuwa yeye ndiye anayewafundisha wale vijana.

Alirudi Bunia mwezi wa nane 2005, akakuta shule haina mashine hata moja, haina meza, haina hata fremu za madirisha, kwa maana waporaji walikuwa wameng'oa kila kitu chenye kushikwa kwa mkono, na papo hapo akaambiwa kwamba programu imebadilika, dactylo imekufa, sasa ni informatique, na kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho watatahiniwa juu ya kompyuta. Aliuliza kompyuta iko wapi. Akapewa chaki.

Ndugu zangu, mimi si mwalimu, mimi ninatengeneza redio na simu kwenye barabara ya soko, lakini niliona kwa macho yangu namna dada alivyofundisha miaka ile. Alikata maboksi ya biskuti na kuchora juu yake vibonye vyote, kila mwanafunzi na boksi lake, wakipiga vidole juu ya karatasi ngumu bila herufi yoyote kutokea popote, na kwa ajili ya kipanya aliwapa vipande vya sabuni ya kufulia, vimefungwa uzi kama mkia, wavisukume juu ya meza. Wapita njia walichungulia na kucheka. Yeye hakucheka. Wanafunzi walikariri majina ya sehemu za kompyuta, mémoire vive na unité centrale, kama vile siye kwa baba yetu tulivyokariri katekisimu, na katika mtihani wa Serikali walipata pointi nzuri, hata kupita shule nyingine, na hiyo ndiyo ilimuumiza, kwa sababu alijua kwamba zile pointi zilikuwa za maboksi.

Mwezi wa kumi na moja 2010 wafadhili fulani walileta kompyuta kumi na mbili na jenereta. Kulikuwa na sherehe, utepe ulikatwa, padri alibariki, picha zilipigwa na wanafunzi wamesimama nyuma ya maboksi ambayo hayakufunguliwa, na jioni ileile mkuu wa shule, préfet Josaphat, akaziingiza zote katika depo ya nyuma, akafunga mlango wa chuma kwa kufuli mbili.

Préfet yuko hapa, na familia haikuja kumtukana mbele ya maiti. Siye wote tunajua alichokiona. Mwaka 2003 yeye ndiye alibaki shuleni, yeye ndiye alisimama uani akitazama watu wakibeba mashine za kuandikia vichwani, na tangu siku ile hakuamini tena kwamba amani inaweza kulala na kuamka ikiwa bado ni amani. Katika Bunia ya miaka hii, nani kati yetu hana mzigo uliofungwa nyuma ya mlango? Kila mara neno lilipotoka Djugu kwamba watu wamekimbia kijiji fulani, yeye alikwenda kwanza kushika zile kufuli.

Dada alimfuata mwaka wa kwanza kwa upole, mwaka wa pili kwa barua, mwaka wa tatu kwa sauti, na maneno yao yalijulikana kwa shule nzima. Préfet alikuwa akisema, "Madame, wale watu wakirudia, kitu cha kwanza watabeba ni nini? Si ni hizo ordinateurs?" Na yeye alimjibu, "Préfet, ile yenye iko mu kichwa ya mutoto, nani atakuja kuipora? Fungua, waijaze mu vichwa, kisha waje wabebe maplastiki yao!" Préfet alitikisa kichwa, akasema tungoje kwanza hali itulie. Hali haikutulia, na haikuharibika pia, ilikaa tu vile, na mlango ulikaa vile.

Sasa ninafika kwa Divine, na nimemuomba ruhusa, akanipa. Divine alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa sekshoni yake mwaka 2013, asilimia ambazo zilisomwa kwa redio, na mwezi wa kwanza 2014 aliitwa kwa jaribio la kazi katika ofisi moja ya hapa mjini. Walimkalisha mbele ya kompyuta, wakamwambia aandike barua fupi ya kuomba nafasi. Alipoambiwa apeleke kipanya juu, alikiinua hewani. Halafu akaweka vidole juu ya vibonye kama alivyofundishwa, macho kwa karatasi, bila kutazama chini, akaandika barua yote kwa haraka, kwa moyo mmoja, na alipoinua uso, mahali pa M palikuwa na alama ya nukta na mkato, na kila A ilikuwa imegeuka Q, kwa sababu mashine za mji huu karibu zote zinatoka Uganda, vibonye vyake vimepangwa kwa Kiingereza, na boksi la biskuti lilikuwa limechorwa kwa mpango wa Kifaransa, kama programu inavyotaka. Mtu mmoja wa pale alisoma ile barua kwa sauti. Wakacheka mpaka wakaita wengine waje kuona.

Hakwenda kwao. Alikuja moja kwa moja kwa dada, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Madame, ulinibeya. Miaka miwili yote ulinibeya." Kubeya, kwa kwetu hapa, ni kudanganya, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia dada neno kama hilo.

Dada hakujitetea. Angeweza kusema kwamba yeye mwenyewe alijifunza kwa mashine za Uganda kule Aru, na kwamba siku moja alichora mipango yote miwili kwenye ubao, inspekta akapita na kumwambia afute ule ambao hauko katika programu, akafuta. Hakusema hivyo. Alimpa Divine kiti, akazima moto wa chungu, na wakakaa pale wawili, na shemeji Vital aliporudi jioni alikuta chakula hakijaiva na mke wake anamwambia, "Ni kweli yenye huyu mutoto amesema. Nilifuta ubao kwa mukono yangu."

Kutoka siku ile alibadilika, na siye familia tulimuogopa kidogo.

Mwezi wa tano 2014, walipoitwa kutoa pointi za mazoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, pointi ambazo bila hizo hakuna anayeingia kwa jury, mtihani wa mwisho mbele ya watahini, dada aliacha safu nzima ya mazoezi bila kitu, akamrudishia préfet karatasi na kusema, "Siwezi kumupa mutu pointi ya kitu chenye hajagusa." Préfet alidhani ni mchezo. Inspekta akaja, akamwonya. Wazazi wakaanza kuja nyumbani, wengine kwa kubembeleza, wengine kwa matusi, wakisema mwanamke huyu wa Mahagi anataka kuua watoto wa watu. Na katika orodha ile ya wanafunzi kulikuwa jina la Claire, mtoto wake wa tumbo.

Nilikuwa mezani siku ile Claire alipomuuliza, tena bila hasira, kwa sauti ndogo tu, "Mama, na miye? Na miye nitabakia?"

Dada akasema, "Weye wa kwanza, mama. Wakiona nimekuacha weye, nani atasema niko nacheza?"

Claire aliondoka mezani. Shemeji Vital, ambaye katika maisha yake yote ya ndoa sijamsikia akimpinga mke wake mbele ya watu, aliweka kijiko chini akamwambia, "Mama Chris, huyu hana hatia." Dada akajibu, "Najua. Hata wale wengine hawana." Na kwa karibu majuma mawili mama na binti walipitana ukumbini kama wapangaji.

Jumatatu moja wazazi walijaa uani mwa shule, wamekuja kumuondoa dada. Walikuwa wanapiga kelele, préfet amesimama kwenye ngazi akiwatuliza, dada amesimama karibu na bendera na mkoba wake mkononi. Ndipo Mama Sylvie, muuza mandazi wa soko letu, ambaye mwanawe alikuwa kati ya wale wa mwaka wa mwisho, aliuliza kwa sauti ile anayoitia wateja, "Munasema asaini, asaini. Lakini hizo mashine ziko wapi? Siye tulipigwa picha nazo! Ziko wapi?" Kelele zikapungua. Mtu mwingine akarudia, "Kweli, ziko wapi?" Na watu wote wale waliokuja kwa ajili ya mwalimu wakageuza nyuso kwa préfet.

Aliwapeleka mwenyewe nyuma ya jengo. Kufuli ya pili ilikuwa imeshika kutu, ikakataa, wakaleta nyundo. Ndani, maboksi yalikuwa yamelegea kwa unyevu, panya wa kweli walikuwa wamezaa katika majani ya kufungia, nyaya zimetafunwa, na jenereta, ambayo haijawahi kuwashwa, imekaa na lebo yake bado. Préfet aliegemea ukuta. Wanaosema kwamba alilia wanasema ukweli, na wanaosema kwamba dada alimcheka wanasema uongo, kwa maana nilikuwapo, nilikuwa nimeitwa nije na bisibisi zangu, na nilimuona dada akikung'uta boksi moja moja, bila kumtazama mtu, akiniuliza tu, "Hii itawaka, Théo? Na hii?"

Ziliwaka saba. Kwa muda uliobaki kabla ya jury, wazazi walileta mafuta ya jenereta katika vichupa, kila mmoja kadiri yake, na dada alifundisha tangu asubuhi mpaka jua linazama, wanafunzi wanne kwa mashine, na mwishowe pointi ziliandikwa, kila mtu kwa alichokifanya kwa vidole vyake. Wengi walipita. Wachache walianguka, na wazazi wao hawajamsamehe mpaka leo, wengine wako hapa, tunawashukuru kwa kuja. Claire alipata kumi na moja kwa ishirini. Alikuwa amestahili kumi na moja.

Ningependa kusoma kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwanzoni mwa mwaka wa shule uliofuata dada alipokea barua ya kumuondoa katika somo la informatique kwa kosa la kutotii, akapewa uraia na Kifaransa katika madarasa ya chini, na mtu aliyewekwa nafasi yake, ambaye simlaumu, hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Mwaka 2015, habari zilipoanza tena kutoka upande wa kusini kwamba vijiji vinahama, mashine zile saba zilirudi depo, na mlango ukapata kufuli mpya. Mwezi wa tano mwaka huu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alikuja dukani kwangu kuniomba boksi tupu la redio. Nilimuuliza la nini. Alisema, "La kuchora clavier, baba, vibonye vya kompyuta."

Sikumwambia dada, kwa sababu alikuwa tayari mgonjwa.

Lakini tangu alipoondolewa katika somo lake hakukaa bure. Shemeji Vital alimletea kutoka Aru kompyuta moja iliyokwisha kutumika, na kila Jumamosi baraza la nyumba yao likawa darasa, anayetaka anaingia, na alichora vibonye vya mipango yote miwili kwenye ukuta, kwa rangi, kitu ambacho hakuna inspekta aliyekuja kukifuta. Mtu wa kwanza kuketi pale alikuwa Divine. Leo Divine anafanya kazi Aru, anatayarisha karatasi za malori, na jana alisafiri siku nzima juu ya mizigo ili afike kilioni. Claire naye alirudi kumsaidia mama yake, hawakuomba msamaha kwa maneno, walianza tu kugawana zamu za kufundisha.

Ugonjwa wa dada ulianza kama presha, mwezi wa tatu 2015, ukashuka kwenye figo, akalazwa mara kwa mara, akitoka anarudi barazani, mpaka mwezi wa tisa mwaka huu, alipolazwa bila kutoka. Siku ya Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2016, saa tisa mchana, mume wake akiwa ameshika mkono wake wa kuume na Claire wa kushoto, alikata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na nane. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, mama mzazi, ndugu wanne, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Sasa kuna neno moja ambalo familia imenituma niliseme. Jana wakubwa wa shule walikuja kutuambia kwamba wanataka kuandika jina la dada juu ya mlango wa depo, Salle Madame Honorine, yaani Chumba cha Madame Honorine, kwa kumheshimu. Tuliketi, tukazungumza, mama yetu akasikiliza. Tunawashukuru, tunajua mumekuja kwa moyo mwema, lakini jibu ni hapana. Mama amesema kwa kinywa chake, na ninamnukuu: "Mutoto yangu hatawekwa kwa mulango yenye kufungwa." Wakati wanafunzi wataingia mle ndani Jumatatu, na Jumanne, na mwaka mzima, hata habari mbaya zikitoka Djugu, mje tena, tutaleta rangi siye wenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakimbadilisha na kumwosha kama dada yao, tunawashukuru jirani wa Mudzipela kwa turubai, viti, kuni na maji, tunamshukuru Mama Sylvie aliyepikia watu tangu siku ya kwanza, tunawashukuru walimu wenzake, pamoja na préfet Josaphat, ambaye amebeba sanduku hili kwa bega lake kutoka hospitali, na hilo tumeliona, na wanafunzi wote, wale waliopita na wale walioanguka.

Honorine, dada yangu, umechoka na siye, tulikuchosha. Lala sasa kwa utulivu katika mikono ya Bwana, na siye tutabaki hapa tukigonga mlango ule.